Lau Meksiko Ingaliitwaa Kuba: Miezi Mitano ya Jamhuri Changa

Tarehe 23 Novemba 1825 askari wa mwisho wa Hispania waliondoka katika ngome ya San Juan de Ulúa, iliyojengwa mbele ya bandari ya Veracruz. Walitoka wakiwa mifupa na ngozi. Kiseyeye kilikuwa kimewatafuna kwa miezi, na msafara wa chakula uliotumwa kuwaokoa mwezi Oktoba ulipigwa na dhoruba ukarudi ulikotoka. Jamhuri ya Meksiko, ukihesabu tangu katiba yake ya Oktoba 1824, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na wiki saba.

Kwa miaka minne Meksiko ilikuwa huru huku adui akiwa amekaa mlangoni. Ngome ile iliupiga mji mizinga, ikawahamisha wafanyabiashara, ikaikosesha serikali ushuru wa bandari. Na unga na baruti vilivyoiweka hai vilikuwa vikitoka Havana. Basi ngome ilipoanguka, swali lililofuata halikuhitaji mjuzi wa vita: tawi limekatwa, shina liko ng'ambo ya ghuba, kwa nini lisifuatwe huko huko?

Halikufuatwa. Kuba ilibaki ya Hispania hadi mwaka 1898. Lakini mpango ulikuwepo, barua ziliandikwa, askari walianza kukusanywa, na kwa miezi kama mitano hivi jamhuri changa ilikuwa na nafasi ya kutia mkononi kisiwa chenye utajiri ambao mfalme wa Hispania aliung'ang'ania kuliko kitu chochote kilichombakia Amerika.

Wazee walisema ningalijua huja nyuma, na walisema kweli kwa mtu anayejuta. Kwa mtu anayesoma historia, hiyo -ngali- ni chombo cha kazi. Inamruhusu aulize jambo ambalo lingewezekana na halikutokea, ili auone uzito wa lile lililotokea. Sharti lake ni gumu: ubadilishe uamuzi mmoja tu, uamuzi ambao watu wa wakati ule waliufikiria wenyewe, na mengine yote uyaache kama yalivyokuwa, yaani upepo, madeni, maradhi na hofu. Ukianza kuwapa Wameksiko manowari ambazo hawakuwa nazo, hapo umeshaingia kwenye ngano.

Fedha iliyotangulia

Kwanza tuondoe dhana kwamba Kuba ilikuwa kitu kigeni kwa Meksiko. Kwa karne kadhaa hazina ya Havana ililishwa na fedha kutoka migodi ya Meksiko. Kila mwaka meli zilipeleka Havana ruzuku iliyoitwa situado, na ruzuku hiyo ndiyo iliyolipa maofisa, askari na mafundi wa mawe. Waingereza walipoiteka Havana mwaka 1762 kisha wakairudisha, Hispania ilijenga ngome kubwa ya La Cabaña ili jambo hilo lisijirudie. Kwa hiyo kuta ambazo Wameksiko wangalizikabili mwaka 1826 zilikuwa zimesimama, kwa sehemu kubwa, kwa fedha iliyochimbwa na babu zao. Nadhani jambo hili linafafanua sauti ya viongozi wa Meksiko walipoizungumzia Kuba. Walikuwa wakisema kama mtu anayedai shamba lililolimwa na ukoo wake.

Kisha itazame ramani. Ghuba ya Meksiko ni kama mfuko wenye midomo miwili, mmoja kati ya Yucatán na Kuba, mwingine kati ya Florida na Kuba. Kisiwa kimekaa katikati kama kizibo. Anayekaa Havana anajua kila merikebu iendayo Veracruz na kila irudiyo. Lucas Alamán, waziri wa mambo ya nje aliyekuwa na akili kali kuliko wengi wa rika lake, aliliona hilo mapema. Rais Guadalupe Victoria naye aliwafungulia mlango Wakuba waliokimbia. Mwaka 1825 walianzisha Mexico City jumuiya ya kupigania uhuru wa kisiwa chao, na mwaka huohuo aliwasili mshairi José María Heredia, kijana wa miaka 21, aliyekuwa ametoroka Kuba miaka miwili kabla baada ya njama moja ya uhuru kugunduliwa. Rais mwenyewe ndiye aliyemwalika.

Meli moja kubwa, upande usiofaa

Nia ilikuwepo. Vyombo je?

Kuna kisa kimoja kinachoeleza hali ya jamhuri hii kuliko hesabu yoyote. Baada ya Hispania kushindwa vita vya Ayacucho huko Peru, Desemba 1824, manowari kubwa iliyoitwa Asia iliondoka pwani ile kuelekea Ufilipino. Ilipofika Guam, Machi 1825, mabaharia wake, wenye njaa na malimbikizo ya mishahara, waliasi. Waliwashusha maofisa pwani, wakageuza omo, wakavuka Pasifiki yote hadi Monterey, California, ambayo wakati huo ilikuwa ya Meksiko, na wakaikabidhi meli kwa gavana ili walipwe haki yao. Hivyo ndivyo Meksiko ilivyopata manowari yake kubwa kuliko zote. Ikaipa jina la Congreso.

Tatizo ni kwamba bahari ilikuwa siyo. Vita vilikuwa Ghuba ya Meksiko, na meli ilikuwa upande wa pili wa bara, karibu karne moja kabla ya mfereji wa Panama. Ilibidi ishuke hadi Cape Horn, ncha ya kusini kabisa ya Amerika, kisha ipande tena mpaka Veracruz. Ilipofika, wakati wa kuitumia ulikuwa umeshapita, na ikaishia kuozea bandarini.

Meli nyingine zilinunuliwa kwa mikopo ya London. Mwaka 1824 na 1825 Meksiko ilikopa mara mbili, kila mara pauni milioni 3.2 kwenye karatasi; mkononi ilipata pungufu sana baada ya punguzo la bei za hati na malipo ya madalali. Mwaka 1827 ilishindwa kulipa. Bado zile meli chache zilizonunuliwa zilitosha kuizingira Ulúa, na hilo lisidharauliwe: jamhuri isiyo na desturi ya bahari iliifukuza Hispania kutoka ngome ya mwisho kwa kuikatia chakula. Lakini kuzingira mwamba mbele ya mlango wako ni kazi moja. Kuvusha jeshi na kulilisha ng'ambo ni nyingine.

Na hata ndani ya nyumba yenyewe hakukuwa na kauli moja. Nenda Yucatán, rasi iliyo karibu zaidi na Kuba, mahali ambapo jeshi lolote lingalipakiwa. Wafanyabiashara wa huko waliishi kwa soko la Havana. Chumvi, ngozi na nyama zao zilikwenda huko. Meksiko ilipotangaza vita dhidi ya Hispania, miji miwili ya rasi hiyo, Mérida na Campeche, haikukubaliana, na majirani hao wawili wakakaribia kupigana wao kwa wao. Serikali ikamtuma ofisa wa miaka 30 akatulize mambo. Jina lake Antonio López de Santa Anna.

Santa Anna alipofika aliona upesi kwamba biashara na Havana haikatiki bila kuiua Yucatán, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa kimya, akapendekeza suluhisho la kijasiri: achukue watu wachache, avuke, aiteke Havana. Mexico City haikumpa ruhusa. Inasimuliwa kwamba Manuel Gómez Pedraza, waziri wa vita, alisema ni afadhali aachwe aende, kwani akishinda nchi itapata heshima, na akishindwa nchi itapumzika naye. Kwa jinsi Santa Anna alivyokuja kuitesa Meksiko kwa miaka thelathini iliyofuata, maneno hayo yananichoma kila ninapoyakumbuka.

Wakubwa walivyopima

Wasimulizi wengi wa historia hii huanzia Washington, na wengi huishia hukohuko. Aprili 1823 John Quincy Adams, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alimwandikia balozi wake Madrid kwamba kama vile tofaa lililokatwa na tufani halina budi kuanguka chini, ndivyo Kuba, ikichomolewa mikononi mwa Hispania, itakavyoelekea Marekani kwa nguvu ya mvuto wake. Miezi minane baadaye Rais Monroe alitoa tamko lake maarufu la kuwaonya wafalme wa Ulaya. Wameksiko walilifurahia. Hawakuona mara moja kwamba anayemzuia mwizi asivune anaweza kuwa anangoja tunda liive.

Adams alipokuwa rais, waziri wake Henry Clay aliandika mnamo 20 Desemba 1825, mwezi mmoja tu baada ya Ulúa kuanguka, akiziomba Meksiko na Kolombia ziahirishe safari yoyote ya kijeshi dhidi ya Kuba na Puerto Rico. Sababu aliyoitoa ni kwamba mfalme wa Urusi alikuwa akiombwa amshauri mfalme wa Hispania akubali amani. London nako George Canning, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alikuwa na hesabu yake: Uingereza isingekubali Kuba iwe ya Marekani, Marekani isingekubali iwe ya Uingereza, na wote wawili wasingekubali iwe ya Ufaransa. Hispania dhaifu iliwafaa wote. Mfalme wa Hispania alikilinda kisiwa chake kwa wivu wa majirani.

Hata hivyo mimi siamini kwamba barua ya Clay peke yake ndiyo iliyozuia safari. Meksiko na Kolombia zilikuwa vitani na Hispania kwa haki kabisa, na Marekani ya mwaka 1826 isingejitosa vitani kumtetea mfalme wa Hispania dhidi ya jamhuri mbili ilizokuwa imezitambua. Ukitaka kuona kilichoitia Marekani hofu hasa, sikiliza mjadala wa Seneti yake mapema mwaka 1826 kuhusu kutuma wajumbe kwenye mkutano wa Panama alioitisha Simón Bolívar. Robert Hayne, seneta wa South Carolina, alisimama na kusema wazi kwamba suala la utumwa lisiguswe na mkutano wowote wa mataifa, na kwamba uhuru wa Haiti, nchi iliyokombolewa na watumwa wenyewe, hauwezi kutambuliwa. Hapo ndipo penye fundo.

Watu ambao hakuna aliyewauliza

Sensa ya Kuba ya mwaka 1827 ilihesabu watu 704,487. Kati yao 311,051 walikuwa Wazungu. Weusi na machotara walio huru walikuwa 106,494. Watumwa walikuwa 286,942. Maana yake ni kwamba kati ya kila watu kumi, wanne walikuwa mali ya mtu mwingine, na watu wenye asili ya Afrika walikuwa wengi kuliko Wazungu.

Walikuwa wakikata miwa. Haiti ilipojikomboa, ikiwa kabla ya hapo ndiyo mzalishaji mkuu wa sukari duniani, soko liliachwa wazi na Kuba ikaingia kulijaza. Meli zilileta watu kutoka pwani yote ya Afrika, na si ya magharibi peke yake. Katika orodha za watumwa wa Kuba, pamoja na majina ya makabila kama lucumí, carabalí na congo, limo jina macuá. Ni Wamakua, waliopakiwa kwenye bandari za Msumbiji, ndugu wa Wamakua wa Masasi na Mtwara ya leo. Sisi watu wa mwambao tunaijua hesabu hii vizuri, maana muda si mrefu baadaye mikarafuu ya Unguja na Pemba ilitanda kwa jasho la namna hiyohiyo.

Sasa jiweke mahali pa mwenye shamba wa Matanzas mwaka 1825. Huipendi Hispania sana. Ushuru wake ni mzito na maofisa wake wanakula rushwa. Lakini tangu mwaka 1818 imekuruhusu kufanya biashara na dunia nzima, na jeshi lake linakuwezesha kulala usiku. Mwaka 1812 seremala mweusi aliye huru, José Antonio Aponte, alinyongwa Havana kwa kupanga maasi. Na mnamo Juni 1825, huko Guamacaro katika Matanzas yenyewe, watumwa waliinuka usiku, wakachoma mashamba, wakaua mabwana kabla ya kuzimwa kwa ukatili mkubwa. Siku chache kabla ya maasi hayo Gavana Mkuu Francisco Dionisio Vives alikuwa amepewa na mfalme mamlaka yote, kama kamanda wa mji uliozingirwa. Tajiri wa sukari aliyesoma vitabu vya uhuru alifunga vitabu hivyo akamshukuru Vives.

Ndiyo maana naona anayeuliza "je, Meksiko ingaliweza kuishinda Hispania baharini?" anaulizia jambo la pili. La kwanza ni hili: jeshi la Meksiko likishuka pwani ya Kuba, litawaambia nini hao watu 286,942? Kila aliyefikiria safari hiyo alijua kwamba swali lipo, na karibu kila mmoja alilikwepa. Bolívar mwenyewe, ambaye mwaka 1816 alisaidiwa na Haiti kwa silaha na watu kwa ahadi ya kuwaacha huru watumwa, alimwandikia Santander, makamu wake wa rais huko Kolombia, mwaka 1825 kwamba amani ingewafaa zaidi kuliko kuvikomboa visiwa vile, akihofia kuzaliwa kwa Haiti nyingine. Inauma kuisoma barua hiyo.

Tuivushe sasa

Haya, tubadilishe uamuzi mmoja. Desemba 1825 Guadalupe Victoria anaisoma barua ya Clay, anaikunja, na anaagiza jeshi lipakiwe.

Dirisha lake ni jembamba. Kuanzia mvua za Mei homa ya manjano inaua mgeni yeyote katika bandari hizi, na Mmeksiko wa nyanda za juu ni mgeni hapo sawa na Mhispania. Kuanzia Agosti kuna hatari ya vimbunga. Inabaki Desemba hadi Aprili, ambayo nayo ina pepo kali za kaskazini, norte kama zinavyoitwa Veracruz, zinazoweza kuvunja msafara kwa usiku mmoja. Jahazi likingoja kusi hujua kusi itakuja. Norte haina kalenda. Na saa nyingine zinagonga pia. London imeingia kwenye hofu ya mabenki Desemba hiyohiyo, na mwaka unaofuata makampuni yaliyoikopesha Meksiko yataanguka. Kolombia, mshirika pekee mwenye askari waliozoea vita, itapasuka Aprili 1826 Jenerali Páez atakapoasi Venezuela, iliyokuwa sehemu yake. Kwa hiyo ni miezi mitano, kuanzia Ulúa hadi Páez. Kabla yake haikuwezekana, baada yake haikuwezekana tena.

Wasingekwenda Havana moja kwa moja. Waingereza mwaka 1762 walihitaji watu zaidi ya 10,000 na kundi kubwa la manowari, na maradhi yaliua wengi kuliko mizinga. Wangalishuka mbali na mji mkuu, pengine mashariki, na kungoja kisiwa kiwainukie. Kisiwa kingaliinuka? Baadhi ya vijana wa mijini, ndiyo. Heredia na wenzake hawakuwa wakiota. Matajiri wangalingoja waone nani anashinda, na wangaliuliza swali moja kabla ya kufungua milango ya mashamba yao: watumwa wetu mtawafanya nini?

Hapa nalazimika kusema ninachoamini hata kama kinaniudhi. Meksiko ingalijibu: hatutawagusa. Ushahidi ninao. Julai 1824 jamhuri ilipiga marufuku biashara ya watumwa, na tarehe 15 Septemba 1829 Rais Vicente Guerrero alifuta utumwa wenyewe nchini kote. Lakini walowezi wa Texas walipolalamika, mnamo 2 Desemba mwaka huohuo Texas ikaondolewa kwenye amri. Texas wakati ule ilikuwa na watumwa wachache mno ukilinganisha na Kuba, na mazao yake hayakuwa yakilisha hazina. Kama jamhuri ililegeza sheria yake kwa ajili ya pamba kidogo ya mpakani, ingaliibana vipi kwa ajili ya sukari ya Havana, ambayo ushuru wake ungalikuwa ndoto ya kila waziri wa fedha aliyekuwa akikwepa wadai wa London?

Na hapo ndipo kisiwa kingalianza kuponyoka. Mapato ya serikali ya Meksiko yalitegemea forodha. Havana ingaligeuzwa ng'ombe wa maziwa, kinyume cha karne zilizopita ambapo fedha ilikuwa ikisafiri kutoka Meksiko. Wenye mashamba wangalistahimili kwa muda gani? Tunacho kipimo: Amerika ya Kati ilijiunga na Meksiko Januari 1822 na ikajitenga Julai 1823, mwaka mmoja na nusu tu, tena bila bahari katikati. Yucatán nayo ilikuja kujitenga baadaye, na Texas ikaondoka mwaka 1836. Jamhuri isiyoweza kuishika Texas, inayofikika kwa farasi, isingaliishika Havana. Dau langu ni kwamba Kuba ingalibaki chini ya bendera ya Meksiko kwa miaka michache, isizidi kumi, kisha ingaliondoka kwa kura ya matajiri wake wenyewe, na huenda ingaliangukia pale pale Adams alipokuwa akingoja chini ya mti.

Meksiko yenyewe ingalipona mambo fulani. Bila Havana, Brigedia Isidro Barradas asingaliweza kuondoka huko mwaka 1829 na askari zaidi ya 3,000 kuja kuivamia Tampico, na bila Tampico, Santa Anna asingalipata ule ushindi wa Septemba 1829 uliomgeuza kuwa shujaa wa taifa. Hatua zaidi ya hapo sithubutu kupiga. Wako wanaoendelea hadi kuinusuru Texas na California. Mnyororo ukishakuwa mrefu hivyo, kila pete ni bahati nasibu.

Kitu kimoja kingeweza kubadilika kweli, na ndicho kinachonifanya nisiliache swali hili. Desemba 1826 Meksiko ilitia saini mkataba na Uingereza, na ndani yake iliahidi kushirikiana kuikomesha biashara ya watumwa. Hispania nayo ilikuwa imeahidi tangu 1817, kisha magavana wake Havana wakawa wanafumba macho kwa malipo. Tofauti ni kwamba Meksiko ilikuwa na deni London na ilihitaji kutambuliwa, na mdaiwa hufumba macho kwa woga zaidi. Huenda meli zingalipungua. Sisemi zingalikoma. Baada ya mwaka 1825 watu zaidi ya 300,000 walishushwa Kuba kutoka Afrika, wengine wao wakiwa bado hawajazaliwa siku Ulúa ilipoanguka. Hata robo yao tu wangalibaki kwao, hiyo ingalikuwa historia nyingine kabisa kwa vijiji vingi, kuanzia Calabar hadi bara la Msumbiji.

Aliyeanzia upande wa pili

Hayo ni ya -ngali-. Yaliyotokea ni haya. Mkutano wa Panama ulikaa Juni na Julai 1826, ukatia saini mikataba ambayo karibu yote haikuthibitishwa. Meksiko ilimwajiri David Porter, ofisa aliyeacha jeshi la majini la Marekani, awe mkuu wa meli zake. Alijikita Key West akawa anazisumbua meli za Hispania mbele ya Kuba, mpaka Februari 1828 merikebu yake iitwayo Guerrero ilipopambana na manowari kubwa ya Hispania karibu na Mariel, pwani ya Kuba, nahodha wake akauawa na meli ikatekwa. Mtandao wa siri wa Águila Negra, uliosaidiwa kutoka Meksiko, uligunduliwa Kuba mwaka 1830. Mwaka 1836 Hispania iliitambua Meksiko. Mwaka huohuo Heredia, aliyekuwa ameshachoka, aliandika barua ya kuomba radhi kwa gavana mkuu wa Kuba, akaruhusiwa kwenda kumwona mama yake, akarudi Meksiko na kufa huko mwaka 1839 akiwa na miaka 35.

Kati ya wote hao, mmoja tu alilianza jambo hili kutokea kwa watumwa. Ni Vicente Guerrero yuleyule, mwendesha nyumbu mwenye damu ya Kiafrika aliyekuwa rais kwa miezi minane ya mwaka 1829. Alipovamiwa na Barradas kutoka Havana, alimtuma Kanali José Ignacio Basadre aende Haiti kutafuta msaada wa Rais Boyer, ili watumwa wa Kuba wainuke na vita virudishwe kwenye kisiwa vilikotoka. Boyer alikuwa na mzigo wake: Ufaransa ilikuwa imemtoza faranga milioni 150 mwaka 1825, kwa manowari zilizotia nanga mbele ya mji mkuu, kama bei ya kutambua uhuru ambao Wahaiti walikuwa wameshaununua kwa damu. Basadre hakupata alichokifuata.

Desemba 1829 makamu wa rais alimpindua Guerrero. Tarehe 14 Februari 1831 Guerrero akapigwa risasi Cuilapan, jimbo la Oaxaca. Meli za watumwa ziliendelea kuingia kwa siri katika vighuba vya Kuba hadi miaka ya 1860, na utumwa wenyewe ulifutwa kisiwani tarehe 7 Oktoba 1886.